Marashi Juu ya Disketi

Kompyuta za chuo chetu zilikuwa hazionyeshi picha, na mwalimu mwenzangu aliihesabu hiyo kuwa sifa. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la spea za magari pale Magongo, Mombasa, mwishoni mwa miaka ya tisini. Chumba cha kwanza kilikuwa changu. Humo mlikuwa na taipureta zilizopangwa safu, na wasichana waliotaka ukarani wakigonga herufi huku nimewafunika mikono kwa kitambaa wasichungulie. Chumba cha pili kilikuwa chake yeye, chenye kompyuta kuukuu zilizoshushwa bandarini zikiwa tupu, hazina programu hata moja ndani. Akazitia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta alioupata kwenye sidii iliyokuja na gazeti la ng'ambo, na tangu siku hiyo hatukuwa na raha.

Alikuwa mtu wa bara, mrefu, msemaji, mtu wa kanisa Jumapili na katikati ya wiki, na Kiswahili chake kilinifanya niume midomo mchana kutwa. Hakuwa na haya nacho hata kidogo. "Madam," aliniambia, "hii ni kitu ya bure na ni kitu ya kazi. Picha ni ya watoto." Skrini yake ilikuwa nyeusi na herufi nyeupe, basi. Hata intaneti, aliyoiingia kwa simu ya ofisini huku modemu ikilia kama paka aliyebanwa na mlango, ilimjia kwa herufi tupu. Kilichokuwa kikimletea kurasa ni kile tunachokiita leo kivinjari. Siku zile tulikiita brauza, na brauza yake ilijua kusoma tu. Palipokuwa na picha iliandika neno "picha" ndani ya mabano kwa Kiingereza, ikapita zake.

Mimi sikuwa na neno na hayo. Kazi yangu ilikuwa vidole vya wasichana, si maajabu yake. Nilimwacha na skrini yake mpaka siku alipojisifu kupita kiasi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, wasichana wamekwenda zao. Alinisimamia mlangoni akasema kwamba humo ndani mna habari ya kila kitu duniani. "Niulize kitu yoyote," akasema. "Yoyote." Nilitaka kumnyamazisha tu, wallahi. Nikamtajia jina la meli iliyozama na shemeji yangu.

Huyo shemeji alikuwa mume wa mdogo wangu, mpishi wa meli. Alizaliwa Mtongwe, akaoa kwetu Bofu, na muda mwingi wa ndoa yao aliutumia baharini akiwapikia watu wasiojua nazi ni nini. Mwaka uliotangulia meli yake ilizama kwenye bahari za baridi huko kaskazini. Wakala wa meli alimtuma mtu mpaka kwa mama yetu kusema kwamba hapana aliyeokolewa. Tulisoma khitma bila jeneza. Mdogo wangu alikaa eda yake kamili, miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila manukato, bila kutoka nje ila kwa dharura. Nilikuwa nikimtembelea namkuta ameinamia kofia. Alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile nyeupe za vitobo vilivyozungushiwa uzi, na hakuna kilichomshikilia akili wakati ule ila sindano.

Sasa mwaka ulikuwa umepita na ushei, na posa ilikuwa imeletwa. Mwanamume mwenyewe alikuwa fundi wa mabomba wa Kisauni, mgane, mtu mpole asiyejua kukaa bila kutengeneza kitu. Siku ya posa alitutengenezea mfereji wa uani uliokuwa ukivuja tangu baba yu hai. Tulimkubali. Nikahi ilikuwa imewekwa Ijumaa, wiki mbili mbele, na nguo zilikuwa tayari kwa fundi.

Mwalimu akaandika jina la meli. Zikaja kurasa kadhaa, nyingi za mambo ya bima na mizigo. Moja ilitoka kwenye nyumba ya mabaharia katika bandari ya mbali, mahali wanapokwenda kunywa chai na kupiga simu meli ikitia nanga. Nilivuta kiti nikaisoma. Nilipoona neno sambusa katikati ya Kiingereza nilicheka. Kisha nikarudi mwanzo wa mstari, na kicheko kikanikauka.

Waliandika kwamba hii ilikuwa karamu ya Krismasi iliyopita. Na huyu ni rafiki yetu mpishi kutoka Mombasa, aliyeshuka kwenye meli ile safari moja tu kabla haijazama, na hizi ni sambusa zake. Juu ya maneno hayo palikuwa na mabano, na ndani ya mabano neno "picha".

Krismasi iliyopita sisi tulikuwa tumeshamlia, tumeshamsomea, tumeshagawa nguo zake. Nilisimama nikakaa tena. Mwalimu akaniuliza kama nimekula.

"Ifungue hiyo picha," nikamwambia.

"Haiwezi."

"Si ulisema humo mna kila kitu?"

"Kila kitu ya kusoma, Madam."

Ningemrushia taipureta. Jina hawakuliandika popote. Na meli ile, hili ndilo lililonichoma, ilikuwa na wapishi wawili wa Mombasa. Shemeji yangu alikuwa mkubwa, na msaidizi wake alitoka Kisauni, naye alikuwa na mke aliyekaa eda siku zile zile alizokaa mdogo wangu. Aliyekuwa ndani ya yale mabano alikuwa mmoja kati ya hao wawili. Akiwa ni shemeji, basi mdogo wangu alikuwa mke wa mtu, na Ijumaa ya pili tungemwoza mume juu ya mume.

Nilivuka feri kwenda Bofu jioni ile nikiwa sioni watu. Nilimkuta mdogo wangu barazani na kofia mapajani. Nilimweleza yote kwa mkupuo, maana sijui kumwambia mtu jambo kidogo kidogo. Aliichoma sindano kwenye kitambaa, akaikunja kofia, akaiweka kando.

"Sambusa za nini?" akaniuliza.

"Hawakusema."

"Yeye alikuwa hapendi za nyama," akasema, kisha akajifunika uso kwa kanga.

Tulikaa mpaka akatulia. Nilimshauri tusimwambie mtu yeyote kabla hatujaiona picha, hasa yule mke wa msaidizi wa Kisauni, tusije tukamfufulia mtu mumewe halafu tukamzika tena. Akakubali. Lakini alisema mavyaa wake lazima aambiwe, yaani mamake mumewe, yule bibi wa Mtongwe. "Ni mwanawe," akasema. "Mimi nimepoteza mume, yeye kapoteza mwana. Ana haki kuliko mimi."

Tulikwenda siku ya pili yake. Mavyaa alitupokea vizuri kama siku zote, tukamwamkia, akaitikia marahaba na dua ndefu. Nilipomweleza habari aliketi kitandani taratibu, akaushika ukingo kwa mikono miwili. Nilitarajia mayowe. Akaniuliza swali moja tu.

"Hiyo picha mumeiona kwa mato yenu?"

"Bado, mama. Mpaka itiwe brauza nyingine, ya kuonyesha picha."

"Basi msimwambie mtu," akasema. "Na hiyo siku ya kuitia, nami nataka niwepo."

Nilimwonea huruma mno. Nilimwambia mdogo wangu njiani kwamba yule bibi ana moyo wa chuma.

Mwalimu alipoelewa jambo lenyewe aliacha ubishi siku ile ile, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alisema kompyuta moja inaweza kufunguliwa madirisha yenye rangi, nayo itapokea brauza ya picha, ila brauza hiyo ni faili kubwa na laini yetu ya simu ni mbovu. Kweli ilikuwa mbovu. Tulichangia na duka la chini, na kila muuza spea alipoinua simu kuulizia bei, intaneti ilikatika. Lakini alikuwa na rafiki yake, mtu wa kwao, karani katika ofisi moja karibu na bandari yenye laini nzuri. Huyo angeivuta faili huko, aikatekate vipande vya kutosha kuingia kwenye disketi, vile vibao vyembamba vya kubebea faili, kisha vipande vije Magongo viunganishwe. Nilimuuliza kama kitu kilichokatwa vipande kinaunganika kikawa kizima. "Kwa Linux," akasema, "hata nyama ya kusaga inarudi ng'ombe."

Disketi zilifika Jumatano ndani ya kopo la biskuti. Mwalimu alitandika gazeti mezani akazipanga kwa utaratibu, kipande cha kwanza mpaka cha mwisho, kila moja na karatasi yake ya namba. Alikuwa amevaa tai. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi na mikono ndani ya buibui. Ndipo mavyaa akaingia, akiwa amepanda ngazi zetu zile mbovu bila kumwita mtu amshike, na mkononi ana mrashi.

Kwa asiyeujua, mrashi ni chupa ya fedha yenye shingo ndefu na kichwa cha vitundu, ambayo kwayo wageni hunyunyiziwa maji ya waridi. Hakuna harusi wala maulidi kwetu bila mrashi. Mtu akirudi kutoka Hija hunyunyiziwa, na hata mtoto akitolewa nje siku ya arubaini. Mavyaa aliwanyunyizia mdogo wangu na mimi viganjani, tukajipaka. Alimnyunyizia mwalimu, aliyeruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kisha akaikabili meza.

"Haya ndiyo yatakayomleta mwanangu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Bismillahi. Mgeni haingii akapokewa kavu."

Akaukung'uta mrashi juu ya disketi. Nilikuwa nimeshaona mrashi ukitumika maisha yangu yote, matone mawili matatu kwa adabu. Siku ile aliukung'uta kama mtu anayemwagilia mchicha, huku na huku, mpaka namba zikachuruzika wino na gazeti likalowa chini. Mwalimu alipiga ukelele nilioudhania wa mwanamke. Aliruka akakumbatia alizoweza kuzifikia.

"Mama! Hiyo ni maji! Hiyo umeua!"

"Ni marashi, baba," mavyaa akasema kwa upole.

Nilimgeukia mwalimu kwa ukali. Nilimwambia asimpandishie sauti mzazi wa watu, na kwamba hivi ndivyo tunavyopokea heri sisi, na kama mitambo yake haiwezi kuvumilia maji ya waridi basi kosa ni la mitambo. Nilisema mengi, na sauti yangu si ndogo. Alizianika disketi dirishani, akazipuliza, akazitikisa. Alipojaribu moja baada ya nyingine, nusu yazo mashine ilizikwaruza ikazitema. Chumba kizima kilinukia waridi. Kwenye ngazi, mimi na mdogo wangu tulishikwa na kicheko kile cha msibani, kinachouma mbavu wala hakina furaha, tukimwazia bibi wa Mtongwe akimpokea mwanawe ndani ya kopo la biskuti.

Rafiki wa mwalimu aliahidi kuvivuta upya vipande vilivyoharibika. Asingepata nafasi, alisema, mpaka Jumatano iliyofuata. Na hiyo ilikuwa siku mbili kabla ya nikahi.

Sitaki kuikumbuka wiki ile. Nguo zilikuja kutoka kwa fundi, mdogo wangu akazipokea bila kuzifungua. Mama alianza kuagiza mchele. Fundi wa mabomba alileta majadiliano marefu kuhusu mahali pa kuweka tangi la maji katika nyumba watakayohamia, na mdogo wangu akamjibu kwa heshima kila kitu, huku mimi najua moyoni hayupo. Wiki ile nililala Bofu, na usiku nilimsikia akisali rakaa baada ya rakaa. Asubuhi moja aliniambia, bila kuniangalia, "Dada, sijui niombe nini. Nikiomba awe ni yeye, nimemuua mume wa yule mwenzangu wa Kisauni. Nikiomba awe ni yule, nimemuua wangu mara ya pili." Nilimwambia anywe chai.

Jumatano mavyaa alikuja tena, na mrashi wake mkononi. Safari hii mwalimu alimngojea kwenye kichwa cha ngazi. Aliinama, akamwamkia kwa shikamoo ndefu niliyomfundisha mwenyewe asubuhi ile, akaupokea mrashi kwa mikono miwili kama aliyepewa zawadi, kisha akaenda kuuweka juu ya kabati la mafaili ambako hata mimi siufikii bila kiti. Mavyaa aliutazama ukienda. Kisha akakaa.

Disketi ziliingia moja moja. Mashine ilikuwa ikiguna, taa ndogo ikiwaka, na kila ilipozimika mwalimu aliitoa disketi akaibusu. Alivishikanisha vipande kwa mstari mmoja wa maneno, na kweli vikawa faili moja. Akaifungua, yakatiririka majina mengi kwenye skrini nyeusi kwa kasi isiyosomeka. Akasema brauza sasa imeshakaa mahali pake. Akaiita. Ikakataa. Mashine iliandika kwamba maktaba fulani haipo.

"Maktaba?" mdogo wangu akauliza. "Mpaka twende maktaba?"

Mwalimu akamweleza kwamba ni vipande vya programu ambavyo brauza inaviazima, na mashine isipovikuta haianzi. Aliitafuta kwenye ile sidii ya gazeti huku jasho likimtoka mpaka kwenye tai. Mavyaa alisema labda si riziki, turudi nyumbani, maghribi isitukute njiani. Ilikuwa bado alasiri ya mapema. Mwalimu akasema, "Bado, Mama, bado," akaipata, akaitia, akaita tena.

Likafunguka dirisha kubwa la kijivu lenye vitufe juu yake. Sikuwahi kuona dirisha kwenye mashine ile, na nilirudi nyuma kidogo. Mwalimu alishuka mbio kuwasihi watu wa duka wasiguse simu, akarudi, modemu ikalia, akaandika anwani ya ile nyumba ya mabaharia. Maneno yalikuja kwanza, yale yale. Juu yake safari hii hapakuwa na mabano. Palikuwa na fremu tupu.

Picha ilianza kushuka kutoka juu. Siku zile picha ilikuwa haiji nzima, ilikuja utepe kwa utepe, na kati ya utepe na utepe mtu ana nafasi ya kufa. Ukaja ukuta wenye mapambo ya rangi. Ukaja utepe wa kitu cheupe. Kitu cheupe kikateremka kikawa duara la juu la kofia, ya mkono, ya kwetu, huko kwenye baridi. Nilimshika mdogo wangu bega. Hilo halikuthibitisha lolote, maana msaidizi wa Kisauni naye angeweza kuwa na kofia. Utepe ukashuka tena, tukaona vitobo vya ubavuni, na chini ya vitobo, mbele juu ya paji, ukaja mstari mwembamba wa rangi ya chai ya maziwa.

Mdogo wangu alitoa sauti ndogo. Mstari ule niliujua hata mimi. Shemeji alipoitwa safari ya mwisho kofia yake haikuwa imekwisha, na uzi mweupe ulimwishia mdogo wangu jioni ya kuamkia safari, maduka yamefungwa. Alimalizia ukingo kwa uzi wa rangi ya chai uliobaki kwenye shuka za mama, akamwambia akirudi atautoa ashone mweupe. Duniani hapakuwa na kofia nyingine ya namna ile.

Kisha macho. Kisha pua. Kisha mdomo unaocheka na kidevu kilichonyolewa safi, na chini yake sinia la sambusa. Alikuwa amenawiri. Mtu tuliyemsomea Yasini, mtu ambaye viatu vyake niliwagawia maskini kwa mikono yangu, alikuwa akicheka na meno yote nje. Nililia kwa sauti, sijui kwa ajili ya nani. Nadhani nilimlilia yule msaidizi wa Kisauni, maana sasa ilikuwa hakika kwamba yeye ndiye aliyezama.

Mavyaa aliinuka akaikaribia skrini. Machozi yalikuwa yakimshuka, na uso wake ulilainika kwa mapenzi kama mama yeyote aliyemwona mwanawe. "Alhamdulillahi," akanong'ona. "Kazinyoa zile ndevu."

Mdogo wangu aligeuza kichwa polepole.

"Ndevu zipi, mama?"

Mavyaa alijifuta machozi kwa ncha ya buibui.

"Mume wangu hakuwahi kufuga ndevu. Aliondoka hapa hana ndevu. Umeziona wapi?"

Sijapata kuona mtu akizeeka mbele ya macho yangu ila siku ile. Mavyaa alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia. Mimi niliinua macho, yakaangukia kwenye mrashi uliometa juu ya kabati. Nikaiona tena ile meza, na mkono ule ukienda huku na huku mpaka wino ukachuruzika. Nilikuwa nimemtetea. Nilikuwa nimempigia kelele mtu wa watu kwa ajili ya heshima ya marashi.

"Ulizilowesha kusudi," nikasema. "Ulijua, ukazilowesha kusudi."

"Nalitaka Ijumaa ipite," akasema. "Hilo tu. Ijumaa ipite, mwanangu huyu awe kwake na mume mwema, asijue."

Akasema yote hapo hapo, akimwangalia mdogo wangu peke yake. Siku chache kabla ya habari ya meli kuja, baharia mmoja alimfikia Mtongwe na picha na maneno. Picha ilimwonyesha mwanawe na ndevu mpaka kifuani. Maneno yalikuwa kwamba ameshuka meli, ameoa huko, harudi, na mkewe wa Bofu amemwacha kwa talaka, mama amfikishie.

"Nalikuwa sijapata ulimi wa kukwambia," akasema. "Kila siku nasema, yeo nitakwenda Bofu. Sijakwenda, ikaja habari kuwa meli imezama, na watu wakaniingilia ndani na misahafu wananililia. Ningewatoa vipi? Ningewaambia nyamazeni, hakufa, kamwata mke tu? Nikaona afadhali mauti. Nikaona afadhali watu wakupe pole kuliko wakupe maneno."

Nilikuwa nimeshachemka. Nilitaka kumuuliza ni mama gani anayemzika mwanawe mzima ili kumfichia aibu. Nilitaka kumuuliza alipokuwa akiinua mikono kwenye khitma alikuwa akimwomba Mungu nini. Lakini hata katika hasira zile akili yangu ilikuwa imeshatangulia mbele: talaka ilitoka kabla ya meli kuzama, na mwaka ulikuwa umepita na ushei. Kwa eda yoyote ile, mdogo wangu alikuwa huru. Ijumaa ilikuwa halali yake. Nilimwambia hivyo, nikamshika mkono, nikarudia. Nilidhani hilo ndilo alilokuwa akilihitaji.

"Nimemkalia eda mtu anayekaanga sambusa," akasema.

Mwalimu, ambaye hakuwa ameelewa hata nusu ya yaliyopita, alikohoa. Akauliza kwa sauti ndogo kama tungependa atuhifadhie picha kwenye disketi, kwa sababu laini inaweza kukatika wakati wowote.

Mavyaa alinyoosha mkono kumgusa mdogo wangu begani, akaurudisha. Mdogo wangu alikuwa amesogea mpaka pua yake inakaribia kioo. Hakuwa akiutazama uso. Aliuweka ukucha wake juu ya ule mstari wa rangi ya chai, akaufuata kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama anavyofanya fundi akikagua kazi yake kabla ya kuiuza.

"Hakuutoa uzi," alisema. "Mimi kaniacha, kofia hakuiacha."